Mfadhili Anapouliza "Ana Pointi Ngapi?"

Swali hilo huja mapema, mara nyingi chai ikiwa bado haijaguswa. Umemweleza mwenyeji wako kwamba mnatafuta watu wa kuwasomesha chuo kikuu vijana ambao kwao hakuna uwezo, amekusikiliza kwa adabu, kisha anauliza: "Hao vijana wenyewe kidato cha sita walipata pointi ngapi?" Anataka daraja la kwanza. Pointi tatu, nne, ikizidi sana tano, maana katika mtihani huo pointi zikiwa chache ndipo mtu amefaulu zaidi.

Sioni ubaya katika swali hilo. Mtu aliyeitafuta fedha yake kwa jasho ana haki ya kutaka iende mahali itakapozaa. Ila katika miaka yangu ya kuzungumza na wafadhili kwa niaba ya mfuko wa wahitimu wa chuo kimoja cha umma hapa Dar es Salaam, nimeona kwamba karibu kila kitu kinategemea utakavyolijibu. Ukimletea orodha ya waliofaulu kupita wote, umemtafutia washindi wa kuwapongeza, na wahitaji wamebaki palepale walipokuwa.

Waliofaulu sana wana milango yao. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 Serikali ina Samia Scholarship kwa waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, na kampuni nyingi zikitaka kusomesha mtu huanzia kwenye orodha ileile ya juu. Mwenye pointi kumi, daraja la pili, aliyesoma shule ya kata kwa kutembea kilomita kadhaa kila asubuhi, huyo hana anayemgombania. Chuo kimempokea. Amekidhi vigezo vya kozi yake sawasawa na mwenzake wa pointi tatu. Kinachomtenganisha na darasa ni fedha peke yake, na hapo ndipo ninapotaka mfadhili asimame. Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa pointi, najibu kwamba suala la uwezo wa kusoma, chuo kilishalimaliza siku kilipompa udahili. Tulichobaki nacho sisi ni swali lingine: kwao kuna nini?

Na swali hilo lina majibu mazito kuliko watu wanavyodhani. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na cha sita. Ni jambo kubwa, limewafikisha chuoni watoto ambao zamani wangeishia njiani. Lakini familia iliyozoea kutolipa ada inakutana na mwezi Oktoba ghafla. Barua ya udahili inakuja na orodha: bima ya afya shilingi 50,400, ada ya uhakiki wa ubora ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) shilingi 20,000, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, malazi, na sehemu ya ada inayotakiwa ndipo mtu asajiliwe. Bado nauli ya basi kutoka Kigoma au Songea, bado godoro na ndoo. Nimejifunza kuichapisha orodha hiyo na kuiweka mezani mbele ya mfadhili. Watu wengi waliosoma zamani kwa gharama za Serikali hawajawahi kuiona, na huisoma kimya kutoka juu hadi chini.

Hapo linakuja swali la pili: "Si kuna Bodi ya Mikopo?"

Ipo, na bila hiyo mfuko wetu usingekuwa na maana yoyote, maana hakuna wafadhili wa kuwatosha vijana wote wa nchi hii. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005, na wahitimu wengi ninaowaomba fedha wamesomeshwa nayo. Mimi huwaeleza wafadhili namna mkopo ulivyogawanyika. Kuna fedha ya chakula na malazi, ile wanafunzi wanayoiita bumu, ambayo sasa hukadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa siku baada ya kupanda kutoka 8,500. Kuna vitabu na viandikwa. Kuna ada, ambayo Bodi humlipia mwanafunzi kwa asilimia kufuatana na uhitaji wake. Kuna mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Mmoja hupata vyote. Mwingine hupata chakula lakini ada anapewa kiasi, akabaki na pengo la laki kadhaa ambalo kwa mkulima ni mavuno ya msimu mzima. Mwingine jina halitoki awamu ya kwanza, anasubiri ya pili, anasubiri ya tatu, anakata rufaa, huku mihadhara inaendelea.

Pengo hilo ndilo tunaloliombea fedha, na ni vigumu kuliuza. Mfadhili anapenda kusema "nimemsomesha fulani", nami namwomba awe mtu aliyeziba wiki za mwanzo kabla bumu halijaingia, au aliyemalizia asilimia 30 ya ada. Hakuna jiwe la msingi la kuweka hapo. Lakini wanaofanya kazi vyuoni wanajua kinachotokea katika wiki hizo. Kijana amekosa nafasi hosteli, anabebwa na mwenzake, wawili kitanda kimoja, akiogopa msimamizi. Mchana anakunywa maji. Jaribio la kwanza linamkuta hivyo. Muhula unaisha ana sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, na watu wanasema kijana hana uwezo. Wapo walioondoka kabisa, wameahirisha mwaka kwa barua nzuri isiyotaja njaa hata mara moja, na hawakurudi.

Mfano unaonisaidia kulieleza pengo hili ni wa historia, wa majirani zetu Kenya. Mwaka 1959 Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi na mwanasiasa, alikuwa na vijana waliokwisha kupata nafasi katika vyuo vya Marekani, wengine na ufadhili wa masomo juu. Walichokosa ni nauli ya kufika. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakawaomba Wamarekani wachangie ndege, na vijana 81 wakasafiri mwaka ule. Mwaka uliofuata fedha ikapungua tena, na taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000. Kati ya waliofaidika na safari za 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Nikifika hapo namwambia mfadhili: vyuo vilikwisha kutoa nafasi, na waliochangia waliweka fedha mahali palipokuwa wazi. Palikuwa panahitaji nauli, wakalipa nauli. Kwetu panahitaji chakula na usajili.

Wa kwanza kunielewa bila maelezo marefu walikuwa wahitimu wetu wa kipato cha kawaida, waliomo kwenye makundi ya WhatsApp ya mwaka wao wa kumaliza. Walimu, wahasibu wa halmashauri, wauguzi, watu wa benki. Hawa hawakuuliza pointi. Wengi waliwahi kubebwa hosteli. Dada mmoja aliniambia kwenye simu, "Mimi usinieleze, nieleze namba ya kutuma." Tulichofanya ni kuchukua utaratibu ambao kila Mtanzania anaujua kutoka kwenye michango ya harusi: kamati ndogo, mweka hazina anayeaminika, orodha ya ahadi inayoonekana na wote, na mtu mwenye ulimi mtamu wa kukumbusha. Shilingi elfu kumi kwa mwezi kutoka kwa watu wengi ikawa fungu la kwanza la kulipia usajili na chakula cha mwanzo. Fungu hilo lilinipa kitu cha kuonyesha nilipokwenda kwa wakubwa. Mfadhili mkubwa hupenda kujua kama wenyewe kwa wenyewe mmeanza. Akiona jina la mwalimu wa sekondari aliyetoa elfu kumi mfululizo, sauti yake inabadilika.

Mazungumzo yaliyonifundisha mengi zaidi yalifanyika dukani Kariakoo, kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa vitambaa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikalisha juu ya jora, akaniacha nieleze mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nina mafungu mawili. Nina zaka na nina sadaka. Unaomba lipi?" Ilibidi nijibu kama mtu anayejua, na ashukuriwe Mungu niliyekuwa naye alikuwa anajua. Zaka ina wenyewe. Makundi manane yametajwa katika aya ya 60 ya Surat At-Tawba, na mafukara na masikini ndio wa mwanzo. Mzee alitaka kuhakikishiwa mambo ambayo hakuna meneja wa kampuni aliyewahi kuniuliza kwa ukali ule. Je, mwanafunzi atakayepewa ni mhitaji kweli, mmehakikisha vipi? Je, fedha itakaa kwenye hesabu yake peke yake au mtaichanganya? Je, mtakata ya ofisi? Je, itafika mkononi mwake iwe mali yake, au itaishia kwenu? Zaka yake, akasema, ni ya Waislamu wahitaji, kwa kufuata alivyofundishwa. Sadaka yake ni ya yeyote mwenye njaa, asiulizwe dini.

Tulifungua hesabu ya zaka peke yake. Fedha ile inaingia moja kwa moja kwa mwanafunzi, naye ndiye anayelipa chuo. Hatuikati hata senti, gharama za uendeshaji tunazitoa kwenye michango ya wahitimu walioridhia hivyo. Na kwa kuwa kigezo cha zaka ni uhitaji wenyewe, neno "pointi" halikutajwa dukani pale tangu tulipoingia hadi tulipoaga. Kwa maoni yangu, mzee yule anaelewa ufadhili wa wahitaji kuliko watu wengi wenye shahada za maendeleo. Kupitia kwake tulifika kwa wengine wa mtaa ule, na baadaye, kwa njia kama hiyo, kwa kikundi cha akina mama wa usharika mmoja ambao hutoa sadaka ya mavuno.

Maswali yake yalitulazimisha pia kuboresha namna ya kupima uhitaji, na hapa nataka kukaa kidogo. Makaratasi yanasaidia: cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, uthibitisho kwamba kaya iko TASAF, mpango wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, barua ya mtendaji. Lakini yapo ambayo makaratasi hayaoni. Kijana mmoja wa kusini alisoma sekondari nzuri ya binafsi, na kwenye fomu alionekana mtoto wa wenye nacho. Ukweli ni kwamba alilipiwa na mtu wa kanisani ambaye alifariki kijana akiwa kidato cha sita. Baba yupo, mama yupo, wote wazima, wana mikorosho iliyozeeka na watoto wengine watano. Si yatima, hana ulemavu, kaya yao haimo kwenye mpango wowote. Kwa vigezo vya haraka haraka hakuna pa kumweka. Tulimpigia mwalimu wake wa zamani, tukampigia mtendaji wa kijiji, tukazungumza na mama yake kwa simu ya jirani. Kazi hiyo inachukua muda na inagharimu, nami huwaambia wafadhili wazi kwamba inahitaji kulipiwa. Kupima uhitaji kwa heshima ni sehemu ya msaada wenyewe.

Kwa heshima, nasema. Wapo wafadhili wanaotaka kuyaona mafaili. Wanataka picha ya nyumba ya nyasi, wanataka kijana asimame mbele ya wafanyakazi wa kampuni asimulie alivyofiwa. Najua wengi hufanya hivyo kwa nia njema, wakitafuta kitu cha kuwagusa wenzao nao watoe. Lakini msimamo wetu hautetereki: mfadhili anapata idadi, kozi, mikoa, mwaka wa masomo, matokeo ya jumla na hesabu iliyokaguliwa. Jina na habari za nyumbani za mwanafunzi hapati, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe ametaka, na tunamuuliza akiwa amekwisha kupokea fedha ili asione kwamba kukataa kutamnyima. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwaka uliofuata, nina pa kushika ninapoeleza hili kwa wanasheria wao. Kabla ya hapo nilishika utu tu, na kwa wengine ulitosha.

Mazungumzo na kampuni yana taratibu zake. Bajeti yao ni ya mwaka mmoja, wanataka hafla, wanataka kukabidhi mfano wa hundi, na idara ya fedha inataka kujua habari ya kodi. Hili la mwisho mwombaji alijue vizuri. Mchango unaopitia Mfuko wa Elimu, unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2001, unatambuliwa katika hesabu za kodi ya mapato, na mhasibu wa kampuni akilisikia hilo kutoka kwako anakuona mtu wa kazi. Mfano wa hundi nao hauna shida, mkuu wa chuo ataupokea na picha itapigwa. Shida ni ule mwaka mmoja.

Kozi ni miaka mitatu, minne, udaktari mitano. Kumwanzishia mtoto wa maskini mwaka wa kwanza kisha kumwacha wa pili ni kumwumiza, kwa sababu amekwisha kuacha kibarua alichokuwa nacho na nyumbani wamekwisha kumtegemea. Kanuni yetu ni kwamba hatumchukui mwanafunzi mpaka fedha ya miaka yake yote iwe imeahidiwa kwa maandishi, au iwe benki. Kanuni hiyo imetupotezea wafadhili. Mmoja alikuja na fedha ya wanafunzi 40 kwa mwaka mmoja, tukamwomba awe na 10 kwa miaka minne, akaona idadi ni ndogo kwa taarifa yake, akaenda kwingine. Niliumia siku ile, na bado ningemjibu vilevile.

Hapo ndipo mtu wa fedha kwenye kamati yetu alipoleta habari ya mfuko wa kudumu, ambao mtaji hauguswi na faida ndiyo inasomesha. Wazee wa pwani hawahitaji kufundishwa hili, wana wakfu za minazi na nyumba tangu enzi. Kwa wengine huwa nafanya hesabu mbele yao. Nikikadiria ada milioni 1.3, chakula na malazi 10,000 kwa siku 240, na laki tatu za bima, vitabu na mengineyo, mwanafunzi mmoja kwa mwaka ni kama milioni 4. Milioni 100 ukizitumia zote zinawamalizisha wanafunzi sita kozi ya miaka minne. Ukizinunulia hatifungani ya Serikali, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 12.56, kama zilizotolewa baada ya Benki Kuu kushusha viwango mwaka 2022, unapata 12,560,000 kila mwaka. Ni wanafunzi watatu kwa wakati mmoja, na mtaji uko palepale. Ila riba hiyo haipandi, na bei ya wali na maharage inapanda. Ukiwasomesha watatu ukala faida yote, baada ya miaka kumi fedha ileile haitawatosha watatu. Kwa hiyo tunawasomesha wawili na zile milioni nne na nusu tunazirudisha kwenye mtaji.

Mfadhili anapoiona hesabu hiyo huweza kuchagua kwa akili timamu. Mwenye haraka, aliyeguswa na vijana wa mwaka huu, atachagua sita wa sasa, na simshawishi vingine, kwa sababu hao sita nao wana njaa leo. Mwenye kutaka jina la marehemu mama yake libaki chuoni atachagua wawili wawili wa miaka yote. Tumekuwa na wote.

Sharti moja bado linatusumbua mezani, nalo ni la GPA, wastani wa alama za mwanafunzi chuoni. "Akishuka chini ya 3.5 tunasimamisha." Mfadhili huliona kama njia ya kumtia mwanafunzi bidii. Mimi namwomba afikirie ni nani atakayeshuka kwanza: ni yule aliyeingia akiwa nyuma, aliyesoma fizikia bila maabara, ambaye kompyuta aliishika mara ya kwanza wiki ya usajili. Ukimwondolea chakula kwa sababu ya 3.1, umemrudisha palepale ulipomtoa. Tunachokubaliana na wengi ni kutumia kiwango cha chuo chenyewe cha kuendelea na masomo, pamoja na kumpa mwanafunzi mshauri kutoka kwa wahitimu, mtu wa fani yake anayempigia simu kabla ya mitihani.

Meneja mmoja wa kampuni, ambaye ndiye aliyeniuliza pointi kwa msisitizo kuliko wote, alikubali kiwango cha chuo kwa shingo upande na kwa majaribio ya kundi moja tu. Alitaka taarifa kila muhula. Ya kwanza ilikuwa na sapu kadhaa, nikampelekea kama ilivyo, pamoja na tarehe ambazo kila mwanafunzi alianza kupokea fedha ya chakula, maana wengine walikuwa wamechelewa. Aliisoma, akanipigia mwenyewe, akauliza kwa nini tarehe hazifanani. Tulizungumza kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata makubaliano yake yalikuja na mabadiliko mawili aliyoyaandika kwa mkono pembeni ya karatasi: fedha itoke kampuni mwezi Septemba kabla ya usajili, na fungu la chakula litangulie fungu la ada.